Taa Ambazo Hakuna Aliyeziomba

Honkaperä, Ufini
12 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Wilondja,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Mama Sango na watoto wote. Mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyoletewa kutoka Uvira, imesaidia, au bado unapanda kitandani kama mtu anayepanda mlima? Na mvua je, zimeanza hapo Baraka? Mwaka jana uliniambia zilichelewa mpaka mihogo ikakata tamaa.

Mimi sijambo. Goti la kushoto linanigomea asubuhi, lakini likishapata joto tunapatana. Nakula, nalala, nasoma. Mkutubi anayekuja na gari la vitabu kila baada ya wiki mbili ameniletea kitabu kinene cha historia ya barafu. Kurasa zaidi ya mia tano za barafu, nami nazisoma kwa furaha, sijui nimekuwa mtu wa namna gani. Mwanangu Swedi bado anaendesha basi huko Kajaani. Anakuja Jumapili na samaki wa moshi. Mke hana bado. Usiniulize mimi, muulize yeye.

Unalalamika kwamba sikutumii ujumbe wa sauti kama watu wengine. Nilijaribu. Nilirekodi mara mbili nikafuta, maana nilisikika kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Hasira niliyo nayo inahitaji karatasi.

Ndiyo, nimekasirika. Nimekasirika tangu mwisho wa Septemba, na ingawa jambo lenyewe limekwisha, hasira haijakwisha. Ngoja nikueleze kwa utaratibu, kwa sababu nikianza katikati utadhani dada yako amepatwa na wazimu ugenini.

Vuli ya huku unaijua kwa barua zangu. Majani yakishaanguka, na kabla theluji haijashuka, kuna majuma ambayo nchi hii haina rangi. Saa tisa alasiri jua limekwenda, saa kumi ni usiku kamili. Udongo mweusi, miti myeusi, maji meusi. Theluji ikija angalau mtu anaona anapokanyaga. Kabla yake hata mwenye gari hamwoni mtu aliyesimama mbele yake, ndiyo maana sheria inataka kila atembeaye kwa miguu aning'inize reflekta kwenye koti, vitu vya kung'aa kama vile vya makoti ya waendesha pikipiki huko kwenu. Watoto wanavaa, wazee wanavaa, mbwa wanavaa. Mbwa wa jirani yangu Raili ana ukosi wa taa ya kijani. Ukimwona kwa mbali ni pete ya kijani inayosimama kukojoa kwenye kila mti.

Lakini watu wa Honkaperä hawakuishia kujikinga na giza. Walilifanyia sikukuu. Nyuma ya ukumbi wa kijiji kuna njia ya msituni inayozunguka bwawa, na kila mwaka mwanzoni mwa Novemba tunaipamba kwa reflekta. Ni kazi ya pamoja, kama salongo ya kwetu, ila hapa hakuna anayekufuata nyumbani ukikosa. Tunakata maumbo kutoka kwenye karatasi ngumu ya kung'aa: bundi, nungunungu, buibui, kongoni wa huku mwenye pembe kama makoleo. Tunayafunga kwenye matawi na mashina. Jumamosi jioni watu wanaingia na tochi zao, watoto wamejivika vijiti vya kung'aa mikononi na shingoni, na mwisho wa njia kuna moto wa soseji na sharubati ya moto.

Bila tochi ni msitu tu, huoni kitu. Ukiwasha, msitu mzima unakufungulia macho. Na reflekta ina tabia moja ambayo mimi, niliyefundisha watoto miaka yote ile, sikuijua mpaka nilipofika hapa: haina mwanga wake. Inarudisha mwanga kwa yule yule aliyeutuma. Mtu aliyesimama kando yako bila tochi haoni unachokiona wewe. Kwa hiyo kila mtu anatembea katika msitu wake mwenyewe, na watoto wanagombana, "Mimi nimemwona wa kwanza!" "Wapi? Hakuna kitu hapo!" mpaka kila mmoja awashe ya kwake.

Mara ya kwanza Raili aliponiita, nilikataa. Niliwaambia watu wazi kwamba mimi msituni usiku siingii. Sababu unaijua. Safari ya kwanza tulipokimbilia milimani ulikuwa mgongoni kwangu, na safari ya pili ulikuwa mbele yangu umembeba mama. Raili hakuniuliza kitu. Alinivisha tochi ya kichwani kama anayemvisha mtoto kofia, akasema, "Ukiogopa, rudi. Mimi nitakuwa kule mbele nakunywa kahawa." Akaenda zake. Nikamfuata kwa hasira ya kuachwa, na nilipokasirika hivyo nikasahau kuogopa, na katika mti wa kwanza bundi akanitazama, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Tangu mwaka huo sijakosa. Ninakata samaki wa ziwa letu, migebuka na dagaa, na kuwatundika juu kwenye misonobari. Watoto wa chekechea wanajua majina yao kwa Kiswahili. Jioni hiyo moja kwa mwaka, Wilondja, ndipo ninapoingia gizani kwa hiari yangu na kutoka nikiwa na njaa. Sina jioni nyingine inayonipa hivyo. Kumbuka hilo unapoendelea kusoma.

Sasa basi. Mwishoni mwa Septemba chama cha kijiji kilifanya mkutano wake wa vuli. Mimi nilikuwa jikoni, zamu yangu ya kahawa. Nilipotoka na sinia nikasikia nyundo ndogo ya mwenyekiti ikigonga meza, nikaona watu wamekaa kama walivyo siku zote, kila mmoja anatazama mikono yake. Nikamwinamia Raili.

"Mmeamua nini?"

"Taa."

"Taa gani?"

"Za njia ya msituni. Nguzo mpaka kule bwawani na kurudi. Ruzuku imepatikana, na kazi inaanza mwezi wa kumi."

"Nani kazitaka?"

Raili akatazama ndani ya kikombe. "Hakuna aliyezikataa."

"Sijauliza aliyezikataa. Nimeuliza aliyezitaka!"

"Kahawa inapoa, Apolina."

Lazima uelewe mkutano wa huku ulivyo. Kwetu, mkutano wa kuchimba choo cha shule unachukua siku mbili, wazee watatu wanasusa, na mmoja anarudishwa kwa kubembelezwa. Hapa mwenyekiti anasoma pendekezo, anauliza kama kuna mwenye neno, anavuta pumzi, anagonga. Asiyesema amekubali. Na hawa ni watu ambao wanaweza kukaa kwenye sauna, kile chumba chao cha mvuke, saa nzima bila kusema kitu na wakatoka wakisema tumezungumza vizuri.

Njia ikiwekwa taa, reflekta zinakufa. Zinakuwa vipande vya karatasi ya kijivu vilivyofungwa kwenye miti. Kila mtu ukumbini alilijua hilo, maana kila mtu ukumbini amekata bundi kwa mkono wake.

Kesho yake nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Nilianza kwa Urpo, mwenye mashine ya mbao.

"Mimi?" akasema. "Sikupenda hata kidogo. Nimemlalamikia mke wangu njia nzima tukirudi."

"Na mkutanoni?"

"Mkutanoni hakuna aliyeongea."

"Wewe je, una mdomo wa nini?"

"Nitaongeaje, mama, wakati hakuna anayeongea?"

Nyumba ya pili hivyo hivyo. Ya tatu walinipa keki ya beri, wakasema ni jambo la kusikitisha, wakaniongezea keki. Kufikia jioni nilikuwa nimeshiba na sijampata hata mmoja anayezitaka hizo taa. Kijiji kizima kimeamua kitu ambacho hakuna mtu ndani yake anakitaka! Nieleze wewe, uliyekaa na wazee wa baraza, kama umewahi kusikia kitu cha namna hiyo.

Kisha nikafika kwa Sanna, mwalimu wa chekechea, binti mpole ambaye hata akikohoa anaomba radhi. Nilipomuuliza, akaiva uso mpaka masikioni.

"Lakini... si ulikuwa wewe?"

"Mimi nini?"

"Uliyezitaka. Tulifikiri mwenyekiti Kauko amefanya kwa ajili yako. Ulisema zamani kwamba unaogopa msitu usiku. Na sasa umekuwa mtu mzima, na goti... Tukaona si adabu kupinga."

"Tukaona? Nani na nani?"

"Wote," akasema, karibu alie. "Tulidhani wote wanajua."

Wilondja, nilisimama kwenye ngazi ya binti huyo na sikupata neno. Mimi, mtu niliyenyamazisha darasa la watoto sabini kwa jicho moja. Nilitaka kutukana nikakosa lugha. Kifini changu hakina matusi ya kutosha na Kibembe chetu angekisikia kama baraka. Miaka yote hii nimekata samaki wao, nimechemsha kahawa yao, nimewafundisha watoto wao kusema mgebuka, na vichwani mwao nimebaki yule mama aliyeshuka kwenye basi na mifuko miwili, anaogopa giza. Wamenionea huruma kimya kimya. Wamekubali kuua jioni yao ninayoipenda kuliko mtu yeyote, kwa adabu, kwa ajili yangu! Na nguzo hizo zingesimama pale mpaka nife, na baada ya kufa kwangu mtu angemwambia mgeni, hizi ndizo taa za Apolina, alikuwa anaogopa, maskini.

Nilirudi kwa Raili bila kuvua viatu.

"Na wewe ulifikiri ni mimi?"

"Hapana. Nilijua si wewe."

"Basi kwa nini hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza."

Siku nne sikuongea naye. Yeye nadhani aliiona ni wiki ya kawaida.

Katiba ya chama, ambayo mimi nimeisoma na wao hawajaisoma, inasema sehemu moja ya kumi ya wanachama wakidai kwa maandishi, mkutano wa dharura lazima uitwe. Nikaandika karatasi, nikazunguka tena nyumba zile zile. Wote walisaini. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyeuliza, walisaini kama watu wanaopokea kifurushi cha posta. Urpo akasaini akanishika bega. Nikamwambia, "Bega langu halina shida, leta mdomo Alhamisi."

Alhamisi hiyo ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wetu Kauko ni mzee mrefu, mwembamba, aliyekuwa mpima ardhi, mtu ambaye hata kofia yake anaitundika sambamba na ukuta. Alifungua mkutano, akasoma kifungu, akasema, "Apolina ana pendekezo." Akakaa. Nikasimama.

Nilisema hivi, na nimeyaandika ili uone kwamba sikutukana mtu: "Nimesikia kwamba taa hizi ni zangu. Sikuziomba. Mimi siogopi giza. Nilichokuwa naogopa ni watu wenye bunduki, na hao taa haiwazuii, inawaonyesha njia. Hapa hawapo. Giza la msitu huu nimelitembea kuliko baadhi yenu. Kama kuna anayetaka taa kwa sababu yake mwenyewe, asimame aseme, nimsikilize. Lakini asizitake kwa jina langu. Napendekeza njia ibaki na giza lake, na ruzuku iombewe paa la ukumbi."

Nikabaki nimesimama nikingoja ugomvi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi tangu asubuhi. Nilikuwa nimekunywa chai ya tangawizi kwa ajili ya koo. Kimya. Mtu akakohoa. Sanna akaomba radhi kwa ajili ya mtu aliyekohoa. Kauko alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama nyundo yake kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Kuna pendekezo jingine?" Kimya. "Hakuna." Akagonga.

Basi. Imepita. Nimeshinda, kwa kimya kile kile kilichonishinda. Kama ningependekeza tumwage bwawa tupande mpunga, wangegonga na hilo.

Tulipokuwa tukivaa makoti walinijia mmoja mmoja wakinong'ona. "Ulisema vizuri, Apolina." "Ilikuwa lazima isemwe." Wa tatu nilimjibu kwa sauti: "Na wewe ulinyamaza vizuri!" Wakacheka. Wanadhani mimi ni mcheshi.

Ndani ya gari Raili hakuwasha injini. "Sasa Kauko ameumia," akasema.

"Aumie kwa nini? Baba yake ni fundi umeme?"

"Eila alianguka pale. Mwaka jana, usiku wa reflekta, kwenye mizizi karibu na daraja."

Eila ni mke wa Kauko. Nilijua alivunjika nyonga, nilimpelekea supu. "Eila aliteleza uani kwao!"

"Nani alikuambia uani?"

Nikafikiri. Hakuna aliyeniambia uani. Waliniambia aliteleza, nami usiku ule nilikuwa mwisho wa njia nageuza soseji, uani nikaweka mwenyewe. Kumbe ndiyo sababu ya taa. Si mimi, ni mkewe. Na mtu huyo amekaa mbele ya watu wote na nyundo mkononi, nikamwambia usoni asimame aseme sababu yake, na hakusimama. Akagonga dhidi yake mwenyewe!

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kwake kwa miguu. Alikuwa anapanga kuni, kila gogo limelingana na mwenzake.

"Kwa nini hukusema?" nikamwambia, hata habari za asubuhi sikumpa.

"Ni mambo ya nyumbani."

"Mkeo kavunjika nyonga kwenye njia ya kijiji, mkutano unajadili njia hiyo hiyo, na hayo ni mambo ya nyumbani?"

Akaweka gogo. "Haikuwa kwenye ajenda."

Mungu anisamehe, nilipiga kelele. Nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka kwenye paa la ghala. Nilimwambia mimi si shetani, kwamba ningelijua ningenyamaza, ningezibeba nguzo hizo begani mwangu. Nilimwambia ananidhalilisha kwa kuniachia nimshinde. Akachukua gogo jingine. Dirisha likafunguka, Eila akatoa kichwa.

"Nani anapiga kelele?"

"Ni mimi!"

"Basi ingia ndani upigie humu, unatuletea baridi."

Tukakaa jikoni. Eila ni mfupi kuliko mimi, mchangamfu, na anatembea na kifaa chake cha magurudumu kama anayesukuma mkokoteni sokoni. Alikuwa hajasikia kitu. Mume wake alitoka mikutano miwili, akarudi, akasema, "Mkutano umekwenda," akala chakula cha jioni. Nilimsimulia yote. Akaweka kijiko chini.

"Taa? Kauko, mimi nimekuomba taa?"

"Ulisema hutaenda tena."

"Nilisema sitaenda tena na wewe!"

Kauko akamtazama. Hapo ndipo Eila aliponigeukia mimi, kama mtu aliyehifadhi maneno mwaka mzima. "Sikiliza, Apolina. Huyu bwana hataki nichukue tochi yangu. Anasema anatosha kutushikia wote wawili. Ana mkono mrefu kama nguzo, anaiinua juu kule, anasema tazama bundi, tazama nungunungu. Mimi natazama nini? Mwanga wote unarudi kwake! Nimetembea kwenye njia ile miaka mingapi nikisema ndiyo, mzuri, ndiyo, na mimi naona miti myeusi tu. Mwaka jana akasema tazama samaki wa Apolina, na hao nilitaka kweli kuwaona. Nikajivuta mpaka kwenye kwapa lake ili kichwa changu kifike karibu na tochi. Nikakosa mzizi."

 

"Hukuniambia," Kauko akasema.

"Hukuniuliza."

Nusura nivunje kikombe cha watu. Mwanamke kavunjika mfupa kwa sababu ya adabu. Mwanaume katafuta ruzuku, nguzo na mafundi, kataka kuangaza msitu mzima, badala ya kumpa mkewe tochi. Kijiji kikakubali kwa ajili yangu, mimi nikapinga kwa ajili yangu, na katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyemwuliza Eila anataka nini. Na mimi nimo, maana supu nilimpelekea, swali sikumpelekea. Nikamwuliza hapo hapo, kwa ukali, kama ninamtahini.

"Eila, unataka nini?"

"Nataka giza," akasema. "Na tochi yangu ya kichwani. Na mtu wa kunishika kila upande."

Kauko akasema hapana. Akasema daktari, akasema nyonga, akasema mizizi. Yalikuwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mkutano mzima. Eila akamjibu neno kwa neno. Nikavaa koti nikawaacha wakiendelea. Hata kwaheri hawakunisikia.

Jumamosi iliyopita tuliingia. Watoto walitangulia na vijiti vyao, nyekundu na bluu zikirukaruka gizani. Tulimwacha Eila awashe tochi yake kwenye mti wa kwanza. Alisimama pale. Hakusema ndiyo, mzuri. Alisimama tu, kisha akamwambia mumewe azime ya kwake, anamharibia. Kauko akazima. Kwa hiyo mpima ardhi yule alitembea njia nzima bila kuona chochote, mkono wake chini ya kwapa la mkewe, mimi upande wa pili na goti langu.

Karibu na daraja, kwenye mizizi, wakaanza.

"Polepole!"

"Usinivute!"

"Nakuvuta wapi? Wewe ndiye unayekimbia!"

"Nakimbia kwa nyonga ipi, Kauko? Hii ya chuma?"

"Simama basi!"

"Sisimami! Samaki wako mbele pale, nawaona, niache!"

Sauti zao zilivuka bwawa. Watoto wakasimama, wakageuza tochi zao zote kwetu, na makoti yetu yakawaka kama sisi ndio tuliotundikwa. Walikuwa wametulia, wamefungua vinywa. Nadhani hawajawahi kuona watu wazima wa Honkaperä wakigombana kwa sauti. Nyuma yangu Raili akaninong'oneza, "Tuwaambie wanyamaze? Watu wanasikia."

Nikamwambia, "Thubutu uone."

Nisalimie Mama Sango, umwambie nimepata kitambaa. Msalimie shangazi Malisawa kama bado anasikia, na kama hasikii mwandikie kwenye kibao. Salamu kwa Byaombe na wanawe wote, na kwa wale wa Kigoma wakija na boti. Swedi anakuamkia. Mwenyezi Mungu awape mvua ya kiasi na usingizi usiokatizwa, na awalinde njiani na nyumbani.

Mimi dada yako nikupendaye, hata ninapofoka,

Apolina Asende